Maswali na Majibu: Kupima Matabaka ya Fuwele Kioevu

Nimepima 8CB, fuwele kioevu (kioevu ambacho molekuli zake hujipanga kwa utaratibu), kwa eksirei zinazotolewa na shaba. Kilele cha mwangwi wa eksirei kimetokea kwenye 2θ (pembe ambayo miale imepinda kutoka njia yake) ya nyuzi 2.8, yaani tabaka la nanomita 3.16. Lakini molekuli yenyewe ina kama nanomita 2.2 tu. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa fizikia, Mwanza*

Hujakosea. Upande wa 8CB wenye kundi la saiano (kaboni na naitrojeni) umebeba chaji hasi kiasi, kwa hiyo molekuli jirani hukaa zikielekea pande tofauti, viini vyao vigumu vikipishana na mikia ikitokeza nje. Ndiyo maana tabaka hufikia kama mara 1.4 ya urefu wa molekuli moja. Ungepata 2.2 hasa, hapo tungekuomba urudie kipimo.

Hata hivyo, usiiandike 3.16 kwenye ripoti kabla ya kukagua kimo cha sampuli. Ikizama milimita 0.1 tu chini ya mahali pake, kwenye mashine yenye nusu kipenyo cha milimita 200, kilele husogea karibu nyuzi 0.06 kuelekea pembe ndogo. Kwenye nyuzi 30 kosa hilo ni dogo mno. Kwenye 2.8 ni asilimia 2, na tabaka huonekana nene kuliko lilivyo. Pima kwanza silva beheneti, unga wa kusawazishia mashine, katika kishikilia sampuli kile kile: tabaka lake ni nanomita 5.84, na kilele chake cha kwanza hukaa kwenye nyuzi 1.51. Kikisogea, umejua kiasi cha kusahihisha.

Kisha joto. 8CB ina matabaka kati ya 21.5 na 33.5 °C. Ipashe hadi 45 °C, ipoze polepole, halafu panda tena kwa hatua za 0.5 °C. Karibu na 33.5 °C kilele chembamba lazima kigeuke kilima kipana na hafifu, maana umeingia kwenye nematiki, hali ambayo molekuli zina mwelekeo mmoja bila matabaka. Kama hakibadiliki, unapima kitu kingine, mara nyingi kishikilia sampuli chenyewe. Tazama pia karibu na 2θ ya nyuzi 20: kilima kipana pale ni umbali wa ubavu kwa ubavu kati ya molekuli, kama nanomita 0.45. Ukiona vilele vyembamba hapo, sampuli imeganda.

Je, nikibandua skrini ya LCD (skrini ya fuwele kioevu) ya simu mbovu nitayaona matabaka haya?
*Fundi simu, Mombasa*

Hapana. Skrini hizo hutumia nematiki: molekuli zina mwelekeo mmoja, hazina matabaka. Utakachobandua ni vichujio vya polaroidi, vioo viwili, rangi, na utando wa poliimaidi (aina ya plastiki) usiofikia hata mikromita moja.

Seli yetu (vioo viwili vyenye fuwele kioevu katikati) ya aina ya feroelektriki, ambayo hugeuzwa kwa umeme, ina mistari ya zigizaga isiyofutika. Inatoka wapi?
*Maabara ya chuo, Nairobi*

Inatoka kwenye matabaka yaliyokunjika. Seli ikipoa kutoka smektiki A (matabaka yenye molekuli zilizosimama wima) kwenda smektiki C (zilizoinama), molekuli huinama na tabaka hupungua unene; kwa mwinamo wa nyuzi 20, hupungua takriban asilimia 6. Lakini kwenye kioo matabaka yameshikwa kwa nafasi zile za mwanzo. Basi hukunjika katikati ya seli kama herufi V, na zigizaga ni mpaka kati ya eneo lililokunjika upande mmoja na lile la upande wa pili. Wanafizikia Clark na Lagerwall walieleza seli nyembamba za aina hii mwaka 1980. Mkunjo ulithibitishwa kwa eksirei mwaka 1987.

Kuupima, kaza kipokezi cha eksirei kwenye pembe ya Bragg ya tabaka (pembe ambapo kilele chake hutokea), kisha zungusha seli yenyewe. Vilele viwili vyenye ulinganifu vina maana ya mkunjo. Kimoja katikati, matabaka yamesimama wima. Msitumie kioo cha kawaida cha milimita 1.1, kwani hakipitishi eksirei za shaba. Chukueni cha milimita 0.1 au chembamba zaidi, mkikishike kwa uangalifu kwa sababu kikipinda kidogo tu pengo la seli huharibika.

Na matone ya fuwele kioevu ndani ya polima (plastiki), nitayaonaje kwa hadubini ya elektroni?
*Msomaji, Dodoma*

Yatoe kwanza, maana fuwele kioevu huvukiza kwenye ombwe na kuchafua mashine. Zamisha utando kwenye naitrojeni ya kimiminika, uvunje ungali baridi (mkasi husugua na kuziba matundu), uloweke kwenye kiyeyusho cha heksani, uukaushe, kisha upake dhahabu ya nanomita 10 hivi. Unachokiona ni matundu yaliyobaki. Jaribu pia methanoli kwa kipande cha pili: vipenyo vikitofautiana sana, kimojawapo cha viyeyusho hivyo kimevimbisha polima.