Dhahabu imeonekana shambani kwa mzee: yaliyotukuta sisi Ruangwa

Mkuu, umeuliza kama hao vijana watano walioona dhahabu kwenye mikorosho ya mzee wako waachwe wachimbe "kidogo kidogo" huku nyie mkijipanga. Kidogo kidogo haipo. Kwetu, shambani kwa mjomba, walianza wanne. Waliomba kwa adabu zote, hadi sukari walileta. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ijumaa bodaboda hazihesabiki.

Hakuna aliyetangaza redioni. Mtu akiona jiwe zuri anampigia mwenzake kwenye machimbo ya Chunya au Geita, na wale jamaa hawana mizigo: sururu, koleo, turubai, wameshafika. Wiki ya tatu tulikuwa na mtaa mzima wa maturubai: mama ntilie kutoka Masasi, wachaji simu, banda la mpira, na mganga. Maji ya kisima, ambayo kijijini tangu tuzaliwe tunagawiana bure, yakawa elfu moja kwa ndoo.

Mjomba aliahidiwa mfuko mmoja kwa kila mifuko kumi inayotoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Mchana alikaa chini ya mkorosho anahesabu. Usiku viroba vilipita bondeni. Na mfuko wenyewe ni mawe tu, hujui kilichomo mpaka usagwe kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na mwenye karasha anakata chake na marudio, ule mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, yanabaki kwake. Tuliposaga mifuko yetu sita ya kwanza nilikuwepo. Kijana alivuruga zebaki, ile inayonasa dhahabu, na mchanga kwenye beseni kwa mkono mtupu, akakamua kwenye kitambaa, kikabaki kidonge cheupe kidogo kuliko punje ya kunde. Akakichoma juu ya kifuniko cha kopo, nasi tumeinama wote kutazama, tunavuta ule mvuke (ni sumu inayoharibu mishipa ya fahamu, ila siku ile macho yalikuwa kwenye unjano tu). Tukalipa karasha, zebaki na bodaboda. Iliyobaki ilinunua mchele kilo tano.

Oktoba korosho zikaanza kudondoka na kibarua wa kuokota hakuna, wote wako shimoni. Mikorosho kumi na saba ilianguka, mizizi imekatwa kwa chini. Mkaza mjomba aliokota peke yake mpaka akaumwa mgongo. Kisha ikasikika kuna mahali kumetema, yaani kumetoa dhahabu, huko Nachingwea, na ndani ya siku nne mtaa wote ukahama. Sitasema kijiji hakikupata kitu: nyumba kadhaa zina bati, maduka mawili yapo mpaka leo, na mwenye karasha bado anarudia mchanga uleule.

Na usidhani ni ushamba wetu wa kusini. California, Januari 1848, fundi Marshall aliokota dhahabu akijenga kiwanda cha mbao cha bosi wake, Sutter, tajiri wa ng'ombe na ngano. Sutter alitaka iwe siri. Vibarua wakamkimbia, wavamizi wakajigawia ardhi na kuchinja mifugo yake. San Francisco, iliyokuwa na watu kama 1,000, ikawa mji mkubwa ndani ya miaka michache. Sutter alifariki 1880, bado anadai fidia kwa Bunge la Marekani.

Kosa letu lilikuwa hili: tulidhani shamba likiwa letu na dhahabu ni yetu. Kisheria madini yaliyo chini ni mali ya umma, na mwenye haki ya kuyachimba ni mwenye leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo inatolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania tu, inadumu miaka 7, na anayewahi kuomba ndiye mwenye nafasi. Sisi tulipokwenda kuuliza tulikuta mtu tusiyemjua keshaomba eneo letu. Ilibidi aje kuzungumza na mjomba habari za fidia, lakini alikuja akiwa na karatasi mkononi, sisi tukiwa na mashimo.

Kwa hiyo mzee apimiwe eneo na aombe kwa jina lake wiki hii, kabla ya kikao cha ukoo, maana kikao chetu kilichukua miezi miwili. Korosho zisiachwe.

Umeandika jana kuwa wako watano. Leo wako wangapi?