Kabla hujaandika "kampuni imempa mgombea mamilioni"

Wadogo zangu mnaoanza kufuatilia pesa za kampeni za Marekani, kuna vitu viwili msivichanganye kabisa, kumpa mgombea pesa, na kutoa pesa zako mwenyewe kumsifia au kumponda mgombea. Mi nilipoanza niliandika kampuni fulani imempa mgombea wa Seneti mamilioni, nikasahihishwa mbele ya watu na walionisahihisha walikuwa na haki, maana kampuni hairuhusiwi kumchangia mgombea wa ngazi ya shirikisho hata dola moja, katazo la tangu 1907 na mpaka leo lipo.

Wengi wanadhani kesi ya Citizens United, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 2010, ndo ilifuta hilo, haikufuta. Ilihusu filamu ya kumponda Hillary Clinton ya mwaka 2008, na sheria ya 2002 ilikuwa inazuia makampuni na vyama vya wafanyakazi kulipia matangazo ya aina hiyo siku 30 kabla ya kura za mchujo na siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Majaji watano kwa wanne wakasema kama hamjapanga na mgombea basi hayo ni maoni yenu, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale ya uhuru wa kusema, yanayalinda. Miezi miwili baadae mahakama ya rufaa ikaamua kesi ya SpeechNow, ndo super PAC, yani vikundi vinavyotumia pesa kwenye uchaguzi bila kupanga na mgombea, zikaanza kupokea pesa bila kikomo.

Soma hukumu yenyewe, usitegemee muhtasari wa mtu. Mi naamini jaji Stevens aliyepinga ndo aliona mbali, ila kwa kweli kuna sehemu inanisumbua hadi leo, kesi ilipokuwa inasikilizwa wakili wa serikali aliulizwa kama hoja yake inaweza kufika mpaka kuzuia kampuni kulipia vitabu, akakubali kwamba inaweza. Ukishasoma hapo huwezi tena kuwaita wenzako wanaounga mkono hukumu hii wamenunuliwa, wana hoja, jibu hoja.

Halafu ingia kwenye mafaili ya tume yao ya uchaguzi, FEC, fungua ripoti ya super PAC yoyote, nenda Schedule A, yani orodha ya pesa zilizopokelewa. Utakuta jina la mtu, kazi yake, mwajiri, tarehe, kiasi, kila kitu wazi. Shuka mstari wa chini yake, unakuta LLC (aina ya kampuni binafsi) au shirika lisilo la faida ambalo kwa kawaida halilazimiki kutaja wanaolichangia, na uzi umekatikia hapo. Inaniuma kwa sababu hukumu ileile, majaji wanane kati ya tisa walikubali sheria ya kutaja wanaolipa, yani walitegemea mwananchi ataona pesa imetoka wapi. Ukifika hapo usibuni mwenye pesa, andika jina kama lilivyo, halafu katafute hiyo LLC ilisajiliwa lini, nyingine utakuta imezaliwa wiki chache tu kabla ya kutoa huo mchango.