Ndege Iliyogeuka Juu ya Noatak

Wiki hii mmetuuliza: ni safari gani ya kurudi nyumbani iliyo ndefu kuliko kilomita zake? Swali lenu nimelisoma nikiwa jikoni kwangu Anchorage, Alaska, begi bado liko mlangoni sijalifungua, nikaona nisipojibu hili sitajibu tena jingine.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na kazi yangu ni kupima masikio. Nazunguka vijiji vya kaskazini-magharibi mwa Alaska, nchi ya Wainupiat, wenyeji wa asili wa huko, nikipima watoto shuleni. Maradhi ya masikio yamewaandama watoto wa huko kwa miaka mingi, na mtoto asiyesikia vizuri darasani huonekana mzito wa kuelewa, kumbe sauti ya mwalimu haimfikii. Vijiji hivyo havina barabara ya kuviunganisha na pengine popote. Kutoka Anchorage unapanda ndege kubwa kwa saa moja na nusu hivi mpaka Kotzebue, mji mdogo uliopita kidogo Duara ya Aktiki, ule mstari wa ramani unaozunguka ncha ya kaskazini ya dunia. Hapo unahamia ndege ndogo ya injini moja yenye viti tisa, na kabla ya kupanda wanataka uzito wako, wewe na buti zako na mizigo yako yote.

Noatak, kimoja cha vijiji hivyo, iko kama kilomita 80 kaskazini mwa Kotzebue. Ni nusu saa angani. Februari mwaka juzi nusu saa ile ilinichukua siku tatu.

Nilimaliza kazi Jumatano. Mwanangu Zuhura, wakati ule ana miaka tisa, nilikuwa nimemwahidi kwamba Ijumaa jioni nitamsuka. Baba yake anajua kupika, anajua hesabu za shule, lakini nywele zake Zuhura hataki aziguse. Alhamisi asubuhi upepo uliinua theluji mpaka nisione nyumba ya pili. Huko tangazo la ndege hupita kwenye redio ya mawasiliano iliyomo katika nyumba nyingi, kwa hiyo habari kwamba hakuna ndege niliisikia pamoja na kijiji kizima. Nikarudisha godoro langu la sifongo kwenye maktaba ya shule, nikalitandika palepale nilipolitoa.

Mama akanipigia. Majira ya baridi Tanga na Alaska hupishana saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo mishale ya saa zetu hulingana: kwake saa mbili, kwangu saa mbili, yeye anajiandaa kulala na mimi ndiyo nimeamka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshafika?"

"Bado, ndege haiwezi kuja."

"Basi kaa hapo hapo. Usimharakishe rubani wa watu."

Usiku Zuhura alinitumia ujumbe wa sauti. Intaneti ya kule ilikuwa ya kusuasua, ujumbe wa sekunde ishirini nikausubiri kama maji ya bomba la mgao. Hakuwa amesema neno. Alikuwa ameiweka simu kwenye ubavu wa Shibe, paka wetu, na nilichosikia ni mkoromo wake tu, ule wa chini, unaopanda na kushuka na pumzi. Shibe ni paka mzee, mwenye sikio moja lililochanika, na nisipokuwepo hulala juu ya ndara zangu. Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Ijumaa mchana kulitulia kidogo. Tukaitwa kiwanjani. Kiwanja chenyewe ni njia ya changarawe iliyofunikwa na theluji, hakuna jengo la kungojea la kutajika, watu wanasimama na pikipiki zao za theluji zikinguruma. Wingu lilikuwa chini kama dari. Tukaisikia ndege. Ilikuja mpaka juu yetu kabisa, ikazunguka, ikazunguka tena, hatuioni. Halafu sauti ikaanza kupungua.

Kusikia ndiyo kazi yangu. Najua namna sauti inavyofifia, ile nyembamba inatangulia kutoweka, nzito inabaki nyuma. Nilisimama pale mpaka ile nzito nayo ikaisha upande wa kusini, na machozi yakaniganda kwenye kope. Nilifikiria kichana na chupa ya mafuta ya nazi vilivyowekwa mezani tangu asubuhi.

Nilipogeuka ndipo nikamwona yule bibi. Siku mbili alikuwa ameniletea supu ya samaki shuleni bila kuulizwa, na samaki mkavu wa kuchovya kwenye mafuta ya sili, mnyama wa bahari za baridi. Alikuwa amesimama na koti pana la kubebea mtoto mgongoni, mikono ameikumbatia kifuani, naye anatazama kusini.

Wanawake wa vijiji hivi wakikaribia kujifungua huondoka wiki kadhaa kabla, wakae karibu na hospitali Kotzebue au Anchorage, kwa sababu uchungu haungojei hali ya hewa. Binti yake alikuwa ameondoka tangu Januari. Alikuwa ndani ya ndege ile, na mtoto mchanga, wote wawili wamepita juu ya paa la nyumba yao na kurudishwa Kotzebue. Mimi kwa siku mbili nilikuwa nikiiita "ndege yangu". Aibu ilinishika. Nikaenda nikasimama karibu naye, hatukusema kitu, akanishika mkono kwa glavu yake kubwa.

Jumamosi ilitua. Binti alishuka wa kwanza. Bibi hakungoja aingie nyumbani. Alimpokea mtoto pale pale penye theluji, akamtumbukiza mgongoni ndani ya koti, akainama mbele kidogo, na kile kilio kidogo kikanyamaza. Nikapanda kwenye kiti ambacho binti yake alikuwa amekiacha. Kilikuwa bado cha moto. "Taikuu," nilimwambia bibi mlangoni, ndiyo asante ya kwao, na sijui kama aliisikia kwa mlio wa injini.

Nilifika Anchorage saa nne usiku. Baba Zuhura alikuwa amemwacha mtoto akeshe. Alikaa sakafuni kati ya magoti yangu, nikaanza kugawa nywele. Shibe akaja, akanusa buti, akanusa koti, akafika kwenye vidole vyangu na kuanza kuviramba kimoja kimoja. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni mara tatu, lakini mafuta ya sili hayatoki upesi. Kila nikishika msokoto, ulimi wake wenye mikwaruzo unanifuata.

"Mama, anakuchelewesha," Zuhura alisema, macho yamekwisha kufumba.

Nikamwambia amwache.