Paka ana mapunye: oili chafu mwachie fundi wa magari

Wiki hizi maswali karibu yote yanahusu paka na mbwa wanaonyonyoka manyoya kwa mabaka ya duara. Nimechagua matano.

Shikamoo daktari. Paka wetu ana mabaka mawili, sikioni na mguuni, na mwanangu wa miaka sita ametokwa na choa shingoni. Jirani ameniambia nimpake paka oili chafu ya gari. Inatibu? (Mama, Tanga)

Marahaba. Haitibu, na nimeshachoka kuliandika hili. Paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo ukimpaka kitu, umemnywesha. Oili chafu humwunguza ngozi na kumdhuru tumboni. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Nimewahi kuletewa paka aliyepakwa oili jioni, kulipokucha hawezi kusimama. Mapunye yasingemfikisha hapo.

Mnaowashwa ni nyie na paka, na yaelekea fangasi ni yule yule: kwa paka mara nyingi huwa *Microsporum canis*, na binadamu humpata kwa kumshikashika mnyama. Paka aogeshwe mara mbili kwa wiki kwa shampuu yenye mikonazoli na klorheksidini, na daktari wa mifugo amwandikie itrakonazoli ya kumeza kwa uzito wake. Jiandae kwa wiki sita au zaidi.

Mtoto mpeleke kituo cha afya. Choa cha shingoni hupona kwa krimu kama klotrimazoli, ilimradi usiiache siku ya tatu kwa kuwa muwasho umetulia. Kikipanda kichwani kwenye nywele, krimu haitoshi. Anahitaji dawa ya kumeza. Tena soma tyubu kabla ya kulipa. Krimu zenye betamethasoni au klobetasoli hutuliza muwasho huku fangasi akisambaa chini kwa chini. Zinauzwa kama karanga, bila cheti, na ngozi za watoto wetu zinaharibika kwa ajili hiyo.

Nimemchoma mbwa ivermektini mara mbili, mabaka yapo pale pale. Niongeze dozi? (Nakuru)

Usiongeze. Ivermektini ni ya minyoo na wadudu kama wa upele, fangasi haisikii. Na mbwa wa jamii ya collie anaweza kufa kwa dozi kubwa. Kwanza ajulikane anaumwa nini: zing'olewe nywele chache ukingoni mwa baka, zitazamwe kwa hadubini au zioteshwe maabara. Kuchoma sindano kwa kukisia ndiyo desturi yetu kwa mifugo, na ndiyo inayowagharimu pesa mara tatu.

Paka wangu ana mimba. Nimpe griseofulvini, dawa ya fangasi ya kumeza, iliyobaki ya mtoto?

Usimpe kabisa. Inawaharibu watoto tumboni.

Tulimtupa paka sokoni mwezi uliopita, lakini watoto wamepata choa tena. Kwa nini? (Temeke)

Kwa sababu mlimtoa paka mkaacha manyoya yake. Mbegu za fangasi huyu huweza kuishi ndani ya nyumba hadi miezi 18, kwenye makochi, mazulia, mapazia na sanduku alilokuwa akilala. Na huyo mliyemtupa sasa anawapa wengine sokoni, wakiwamo watoto wa wachuuzi. Lilikuwa kosa mara mbili.

Anzeni na manyoya: yaokoteni na kufagia kwa kitambaa kibichi ili yasiruke, kila siku. Sakafu ipigwe sabuni kwanza, ndipo ipakwe dawa ya klorini kama Jik, vijiko vikubwa viwili kwa lita moja ya maji, ikae dakika kumi. Madirisha yawe wazi, na msiichanganye na dawa nyingine ya choo. Isimguse mnyama. Mashuka na mito vifuliwe mara mbili. Sanduku la kulalia lichomwe moto.

Kabla hamjamlaumu paka, ulizeni pia kinyozi. Mapunye mengi ya watoto wa shule hutoka kwa mtoto mwenzao, kupitia mashine isiyosafishwa na kofia za kuazimana. Na nyie wa Pwani mnaoniambia kila mara kwamba paka si najisi: ni kweli, lakini usafi wa kidini haumzuii kuwa na fangasi. Mtunzeni na mtibuni.

Mabaka yameota manyoya. Niache dawa? Na paka wa pili, asiye na baka? (Mombasa)

Usiache. Manyoya hurudi kabla mbegu hazijaisha. Kama maabara ipo, subiri majibu mawili mfululizo yasiyo na fangasi. Wa pili naye apimwe na aogeshwe, maana anaweza kuzibeba bila kuonyesha dalili.