Albamu ya kwanza ya The xx haikulipuka siku moja

Hapana ndugu, hiyo ya kwamba albamu ya kwanza ya The xx, bendi ya Uingereza, ilitoka tu ikalipuka si kweli. Ilitoka Agosti 2009, ikaingia chati ya Uingereza nafasi ya 36. Wahakiki waliisifia mapema. Wanunuzi ndio walijivuta. Mwaka 2010 BBC wakautumia “Intro”, wimbo wa kwanza wa albamu hiyo, kwenye matangazo ya uchaguzi mkuu, ukawafikia hata wasiofuatilia bendi ndogondogo. Septemba The xx wakanyakua Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka Uingereza, albamu ikaruka hadi namba 3, zaidi ya mwaka mzima tangu itoke!

Ule upole wa sauti ya albamu nao si maringo. Walirekodi kwenye kistudio kidogo cha XL, kampuni ya kurekodi muziki, huko London, mara nyingi usiku, prodyuza akiwa Jamie Smith, mwenzao wa bendi. Sikiliza wimbo “VCR”: noti chache mwanzoni, kisha waimbaji Romy na Oliver wanapokezana taratibu kama wanaogopa kumwamsha mtu chumba cha pili. Baria, mwanabendi wa nne, aliondoka mwishoni mwa 2009, wakabaki watatu. Kwangu mimi, albamu zao zilizofuata zote hazijaifikia hiyo ya kwanza.