Viungo vimekaza: je, yoga nitaiweza?

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 47, mhasibu katika duka la jumla Kariakoo. Kwa kukaa kitini kutwa nzima, mgongo na mabega yangu yamekaza. Rafiki yangu amenilipia darasa la yoga ya kupumzisha mwili huko Msasani, Alhamisi saa 12:30 jioni. Sijawahi kufanya yoga, siwezi kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti, ninatumia dawa za shinikizo la damu, na kusema kweli ninaona haya kujilaza mbele za watu. Nijiandae vipi? Mama Z., Kimara.

JIBU: Mama Z., nianze na hivyo vidole vya miguu, kwa kuwa naona ndivyo vilivyokutisha, ilhali havina uzito wowote katika darasa ulilolipiwa. Yoga, iliyotoka India, ina mitindo mingi, na ipo inayomtoa mtu jasho kama mchezaji wa mpira. Lakini katika yoga ya kupumzisha mwili mtu hubaki kwenye mkao mmoja kwa dakika tano, kumi au zaidi, huku ameegemezwa kwa mito na mablanketi ili misuli isilazimike kuushikilia mwili. Saa nzima inaweza kwisha kwa mikao mitano au sita tu. Kwa hiyo usianze kujinyoosha kwa nguvu sebuleni wiki hii, usije ukafika darasani umeshajiumiza.

Linaloniogofya mimi ni foleni. Ukitoka dukani saa 12:00 utaingia darasani ukihema, na nusu ya kipindi itakwisha moyo wako ungali barabarani. Omba ruhusa mapema, panda basi la mwendokasi hadi kituo cha Morocco, kisha umalizie kwa bajaji, ufike angalau robo saa kabla ya kuanza. Muda huo ni wa kwenda msalani, kuzima simu (kuitoa mlio hakutoshi, kwa kuwa mtetemo wake juu ya sakafu husikika chumba kizima) na kuzungumza na mwalimu faraghani.

Katika mazungumzo hayo usimfiche habari za shinikizo la damu. Mwambie unatumia dawa, na umwombe akuepushe na mikao inayoshusha kichwa chini ya moyo; mwalimu anayejua kazi yake ana mkao mbadala. Siku hiyo meza dawa kwa saa yake kama kawaida, na ikiwa vipimo vyako vya karibuni vilikuwa juu, pita kwanza kwa daktari wako. Kila unapoinuka kutoka sakafuni, geukia ubavu, kaa kidogo, ndipo usimame, kwa sababu baadhi ya dawa hizo humletea mtu kizunguzungu anapoinuka ghafla.

Chakula cha mchana kula kama kawaida, ila tangu saa 10 usile kitu kizito. Ndizi mbivu moja inatosha. Maji kunywa mchana kutwa, si chupa nzima mlangoni.

Kuhusu mavazi, dera peke yake halifai, maana huenda ukaambiwa uegemeze miguu ukutani nalo likateremka. Vaa suruali laini na fulana ndefu, au taiti ndani ya dera. Kama unajifunga mtandio, pini isiwe kisogoni. Viatu huvuliwa mlangoni. Uliza mapema kama mikeka ipo. Mkeka wetu wa ukindu huteleza kwenye vigae, na mara nyingi ule wa mpira hupatikana hapo hapo darasani. Hata hivyo, beba doti moja ya khanga: mmoja uukunje uwe mto wa shingo, wa pili ujifunike, kwa kuwa mwili uliotulia hupoa upesi chini ya feni, hata katika joto letu la Dar es Salaam.

Ukitaka zoezi la nyumbani, fanya hili tu: vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, kwa dakika tatu kabla ya kulala. Pumzi ndefu ya kutoka husaidia mapigo ya moyo kupungua. Ukihisi kubanwa, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida.

Na ile haya? Mwishoni mtalala chali, mikono pembeni, katika mkao uitwao shavasana, yaani mkao wa maiti, jina lisikushtue. Wote huwa wamefumba macho, hakuna wa kukutazama, na pengine utapitiwa na usingizi kama wanavyopitiwa wengi. Ukikoroma, mwalimu atakugusa bega taratibu, na jirani yako huenda naye anakoroma.