Mkuu, usizigawe hizo CD Jumamosi

Simama hapohapo. Unataka kuhamishia CD 80 kwenye kadi ya GB 32 ya kicheza muziki, fundi kakwambia "weka MP3 ya 128 zote zitaenea, CD zenyewe mpe mtu", na Jumamosi zinakuja kuchukuliwa. Shimo liko hapo kwenye "mpe mtu". Mimi nilitumbukia mzimamzima, kwa ushauri huohuo, wa fundi wa sampuli hiyohiyo. Maswali yako mengine (picha za jalada, nyimbo kujipanga ovyo) yasubiri kidogo.

CD inabeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukiishusha hadi 128 umebakiza sehemu moja kati ya 11. Kwa kiwango hicho programu nyingi hufyeka karibu kila sauti iliyo juu ya kilohezi 16, yaani zile kali nyembamba kabisa, na zinazobaki zinalainishwa ili zienee. Kwenye mahubiri hutagundua kitu. Lakini umesema nusu ya CD zako ni ngoma za Kigogo, na huko ndiko kunakoumia: ule mzizimo unaoandamana na kila ulimi wa chuma wa ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba), kayamba, njuga za miguuni. Kwa 128 kayamba linageuka mafuta yanayochemka kwenye kikaango.

Halafu utaambiwa "usijali, baadaye utazigeuza ziwe FLAC", yaani faili linalobana sauti bila kuifyeka. Aliyeniambia hivyo alikuwa analipwa kwa kila diski, kwa hiyo haraka ilikuwa yake na hasara ikawa yangu. Kugeuza MP3 kuwa FLAC ni kubadilisha gunia tu. Faili linavimba mara tano au sita, sauti ni ileile iliyokwishafyekwa. Lifungue kwenye Spek, programu inayochora sauti kama picha, utaona picha imekatwa kwenye 16 kama imenyolewa kwa wembe. Mvinyo haurudi kuwa zabibu, na mvinyo angalau una faida yake.

Kwa hiyo kanuni ni moja: rip (nakili CD kwenye kompyuta) mara moja tu, kwa FLAC, na CD isitoke nyumbani mpaka nakala ikaguliwe na iwe sehemu mbili. FLAC haitupi chochote. Ukitaka MP3 ya gari au ya simu, itengeneze kutoka kwenye FLAC. Kushuka unaruhusiwa, kupanda hakuna.

Hesabu ya nafasi aliyokutisha nayo fundi: CD ya saa moja ni kama MB 635 ikiwa WAV (sauti isiyobanwa), FLAC yake inazunguka MB 350 hivi, MP3 ya 128 ni MB 58. CD 80 kwa FLAC ni kama GB 28. Kadi ya GB 32 itabana lakini zinaingia. Chukua ya 64 upumue. Ukiinunua ijaribu kwanza kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa kadi, maana kadi feki hujitangaza GB 64 huku ndani ina 8, na haikwambii mpaka nyimbo zianze kukatika. Kama kicheza muziki chako ni cha zamani huenda kikaikataa exFAT, mpangilio wa faili ambao kadi za 64 huja nao, ifomati kwa ule wa zamani, FAT32.

Programu ni Exact Audio Copy, ya bure, kwenye Windows. Iweke kwenye usomaji salama, si wa haraka, na uwashe AccurateRip: inalinganisha ulichosoma na walichosoma wengine wenye diski hiyohiyo. Zikilingana, umemaliza. CD za kwaya za hapa nyumbani mara nyingi hazimo humo, basi zisome mara mbili ulinganishe namba za CRC (namba za ukaguzi ambazo programu huzitoa kila inaposoma). Diski safi ni dakika 5 hadi 10. Yenye mikwaruzo inaweza kula saa nzima, iache iendelee.

Vumbi la kwetu Dodoma usilifute kwa shati. Maji, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe: mkwaruzo unaofuata njia ya data unaua vipande vingi mfululizo, unaoikata njia hiyo husahihishika. Dawa ya meno iache kwenye mswaki.

Anza na zile zilizochomwa kwenye kompyuta, zenye mgongo wa kijani au bluu. Rangi yake hufa kwa jua na joto, na kama zimekaa kwenye dashibodi kila siku ni bahati tu. Zipitishe Spek pia, maana nyingi za mtaani zilichomwa kutoka MP3. Hizo hata FLAC haiziokoi.

Nakala mbili maana yake diski ya nje moja kwako, nyingine kwa ndugu. Kadi iliyo ndani ya kicheza muziki haihesabiki, inapotea na mfuko wa suruali. Kabla ya kumpa mtu CD, zifanyie FLAC jaribio kwa amri ya flac -t. Kila faili lina alama yake ya ukaguzi ndani, bovu litajisema.

Nyimbo kujipanga ovyo: tumia Mp3tag, programu ya kuhariri maelezo ya nyimbo, jaza namba ya wimbo na msanii wa albamu, mkusanyiko wote uwe na jina moja hapo. Picha ya jalada JPEG ya pikseli 500, isiwe progresivu (ile inayojichora hatua kwa hatua), maana hiyo baadhi ya vicheza haviionyeshi.

Huyo wa Jumamosi mwambie aje mwezi ujao. Akikasirika mpe namba ya fundi wako.